Msituambie Tusiunde Gurudumu Upya

Najua nimepotea. Wiki sita bila kuandika hata mstari mmoja, na wengine wenu mmeniandikia barua pepe kuuliza kama nimehama Nakuru au nimeoa. Sijahama, na hilo la pili tuliache. Nilikuwa naunda gurudumu la baiskeli. Usicheke kwanza. Soma, halafu ucheke mwishoni kama bado utakuwa na hamu.

Kilichonirudisha kwenye kibodi ni hasira. Jumatatu iliyopita tulikuwa kwenye kikao cha kazi, watayarishaji programu saba pamoja na bosi, tukijadili kipande kidogo cha programu cha kupanga foleni ya ujumbe wa simu. Nikasema tukiandike wenyewe: ni kazi ya siku mbili, na tutajua kila kilichomo ndani. Mwenzangu mmoja, kijana mwerevu ninayemheshimu, akanikata kauli kwa ule msemo wa Kiingereza ambao kila aliyepitia darasa la kompyuta amelishwa hadi akashiba: usiunde gurudumu upya. Vichwa vikatikiswa mezani. Mjadala ukafa hapo hapo.

Mimi nilikuwa nimeketi pale na malengelenge kwenye vidole gumba vyote viwili na kucha nyeusi kwa grisi, kwa sababu Jumamosi yake nilikuwa nimeunda gurudumu. La kweli. Habu, rimu na spoku 36. Nikatazama chumba kizima nikagundua kwamba mimi peke yangu ndiye niliyewahi kufanya kile ambacho msemo unakikataza, na ndiye niliyenyamazishwa nao.

Basi leo nitasema nilichomeza siku ile. Huu msemo, jinsi tunavyoutumia hapa kwetu, ni msemo wa mnunuzi. Haumzuii mtu kupoteza muda kama unavyodai, unamzuia kujua. Na aliyezuiwa kujua kitu kinavyofanya kazi, kikimharibikia barabarani atakaa kando ya lami akingoja mwenye huruma.

Tuanze na mfano wenyewe, maana hata mfano ni mbovu. Gurudumu la mkokoteni wa mbao husimama juu ya mti wake wa chini: mzigo unasukuma, mti unahimili. Mwaka 1808 Mwingereza George Cayley, aliyekuwa akihangaikia mashine za kuruka na akataka magurudumu mepesi, alikuja na wazo la kuitundika ekseli kwa waya zilizovutwa badala ya kuisimamisha juu ya miti. Hilo ni gurudumu jingine kabisa. Mwaka 1874 James Starley wa Coventry akapata hataza ya kuzipanga spoku kwa mshazari, zikipishana, ili nguvu ya kuzungusha ifike kwenye rimu bila kuzipindua spoku kwenye mashina yake. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, akapata hataza ya mpira wa upepo baada ya kuujaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Sasa niambie: ukitafuta kitu kimoja ambacho binadamu amekiunda upya tena na tena, na kila mara akafaidika, utapata kipi kuliko gurudumu? Aliyetunga msemo huu angesema “usiunde kijiko upya” ningemwelewa.

Haya, nije kwenye gurudumu langu.

Ninaendesha baiskeli ya mtumba, fremu ya chuma, magurudumu ya 700. Kazini naenda nayo, na Jumapili napanda Menengai au naenda Njoro kusalimia jamaa. Mwaka jana rimu ya nyuma ilichakaa, nikaingia dukani nikanunua gurudumu zima, jipya, linang'aa, limeunganishwa kiwandani nchi ya mbali. Muuzaji aliniambia sitakuwa na shida tena. (Duka silitaji, kwa sababu ningenunua duka la jirani yake ningepata gurudumu lile lile.) Baada ya miezi miwili ilikatika spoku moja. Fundi wa karibu na nyumbani akaweka nyingine. Baada ya wiki mbili ikakatika ya pili, kisha ya tatu, zote upande wa kushoto, zote pale kwenye kiwiko ambapo spoku inajikunja kuingia kwenye tundu la habu. Ya nne ilikatika nikiteremka kutoka ukingo wa kreta ya Menengai kurudi mjini. Wanaoijua ile barabara wanajua mteremko wake. Gurudumu lilianza kupiga breki lenyewe kwa kuyumba, rimu ikapinda, nami nikalala kwenye vumbi na goti limefunguka. Wanasema jina Nakuru linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Nathibitisha.

Kila niliyemwonyesha gurudumu lile alinipa jibu moja: “Ni mchina, bro. Nunua ingine ya bei.” Hata mimi nilikuwa na jibu hilo hilo. Si kweli, na kujua kwamba si kweli kulinigharimu zile Jumamosi zote nilizowapotea.

Wakati ule kazini tulikuwa na mradi mwingine, na huu ninauungama kwa aibu. Tulitaka kuunda programu ya simu ya kuwaunganisha mafundi wa jua kali na wateja. Unajua mambo haya: picha ya fundi, nyota tano, malipo kwa simu, kampuni ikate asilimia yake kidogo. Nilitumwa kwenda kuwahoji mafundi ili tujue “mahitaji” yao. Nikaenda Bondeni kwa mzee mmoja wa baiskeli, ana kibanda cha mabati na kazi ameifanya tangu kabla sijazaliwa. Nikachukua na lile gurudumu lililopinda, nikiwaza kuua ndege wawili.

“Habari ya kazi, mzee?”

“Mzuri. Hii gurudumu nani alikuuzia?”

Alilishika, akazibana spoku mbili mbili kwa kiganja upande wa kushoto. Zikalegea kama kamba ya nguo. “Hii iliundwa na mashini na hakuna mtu aliimaliza,” akasema. “Iko sawa macho. Mkono haijapita.” Nikatoa daftari nikaanza maswali yangu: kwa siku anapata wateja wangapi, anatumia simu aina gani. Akajibu mawili, la tatu akachoka. “Kijana, ukitaka kujua kazi yangu, wacha kuniuliza. Tafuta rimu na spoku uje Jumamosi. Utaunda wewe.”

Hapa nisimame kidogo nieleze kwa nini spoku zangu zilikatika, kwa sababu ndipo lilipo jambo lenyewe, na sikulijua licha ya kuendesha baiskeli tangu darasa la nne.

Watu wengi wanafikiri spoku hukatika kwa sababu ya uzito au kwa kukazwa kupita kiasi. Mara nyingi ni kinyume. Spoku ni waya. Ukiisukuma inajikunja tu, haina nguvu ya kusimamisha kitu. Inafanya kazi kwa sababu imevutwa. Gurudumu zuri huwa na mvuto wa karibu kilo 100 kwa kila spoku, na kwa spoku 36 hizo ni zaidi ya tani tatu na nusu za mvuto zikishindana kimya kimya ndani ya rimu ambayo unaiinua kwa kidole. Ukiketi juu ya baiskeli, spoku za chini, zile chache zilizo karibu na ardhi, hupungua mvuto. Zile nyingine karibu hazihisi kitu. Yaani mzigo wako unabebwa kwa kulegea kwa spoku za chini. Mhandisi Jobst Brandt aliueleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu gurudumu la baiskeli, na watu wakabishana naye miaka na miaka, lakini hesabu ziko upande wake.

Sasa, kama spoku ilikuwa na mvuto wa kutosha tangu mwanzo, inapungua kidogo chini, inarudi juu, na maisha yanaendelea. Kama iliachwa imelegea, ikifika chini inapoteza mvuto wote. Kiwiko kinacheza ndani ya tundu lake, kinajikunja, kinajikunjua. Gurudumu la 700 huzunguka kama mara 475 kwa kila kilomita. Kwenda Njoro ni kilomita 20 hivi, hiyo ni karibu mara 9,500. Chukua waya wowote uukunje mara 9,500 uone. Na gurudumu la nyuma lina balaa lake zaidi: kwa kuwa gia zinakula nafasi upande wa kulia, spoku za kulia zinasimama wima zaidi na lazima zivutwe sana, huku za kushoto zikibaki na nusu ya mvuto huo au zaidi kidogo. Ukizembea, ni za kushoto zitakazokufa. Zangu nne zote zilikuwa za kushoto. Chuma chake hakikuwa na kosa, na nchi kilikotoka haina hatia. Kilichokosekana ni nusu saa ya mtu mwenye spana ya spoku.

Nusu saa hiyo ndiyo iliyonilaza Menengai.

Basi Jumamosi ikafika, nami kama mtu wa kompyuta nikaamua sitakwenda mikono mitupu. Urefu wa spoku lazima uwe sahihi kwa milimita moja au mbili. Nikaandika programu fupi ya Python, mistari kumi na miwili. Hesabu yake ni ya kidato cha tatu: unachukua nusu kipenyo cha rimu, nusu kipenyo cha duara la matundu ya habu, umbali wa ukingo wa habu kutoka katikati, na pembe inayotokana na spoku moja kupishana na nyingine ngapi. Kwa spoku 36 zikipishana mara tatu, pembe ni nyuzi 60. Unatafuta kipeuo cha pili, unatoa milimita moja na nukta mbili kwa ajili ya tundu, basi. Programu ikaniambia 301 kushoto na 300 kulia. Nikaenda dukani nikifurahia akili zangu, nikanunua.

Mzee alizitazama, akaweka moja kwenye rimu, akacheka mpaka akakaa. Nilikuwa nimechukua kipenyo cha 622 kilichoandikwa kwenye rimu. Hicho ni kipimo cha mahali tairi inapokaa. Kinachotakiwa ni kipenyo cha mahali vinati vya spoku vinapokalia, na kwa rimu yangu hiyo ilikuwa 602. Urefu wa kweli ulikuwa 291 na 290. Spoku zangu zingetoboa tyubu kabla sijatoka Bondeni. Hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja. Nilikuwa tu sijui kitu ninachokihesabu. Mzee alikuwa na ubao wenye msumari mmoja na alama za kisu, na kwenye ubao ule palikuwa na elimu yote niliyoikosa, pamoja na alama ya rimu kama yangu. Spoku zangu akazitia kwenye kopo. “Hizi zitapata baiskeli yake.” Nami nikarudi dukani.

Kuna watakaosema: ndiyo hiyo sasa, ungenunua lililoundwa tayari usingepoteza pesa. Lakini lile kosa ndilo lililonifundisha rimu ni nini. Nimetumia miaka kumi na tatu nikiita kazi za watu wengine ndani ya programu zangu, nikiwapa namba na kupokea majibu, na mara ngapi nimewapa 622 badala ya 602 bila mzee wa kunicheka? Kwenye programu spoku ndefu haitoboi tyubu siku hiyo hiyo. Inangoja.

Kuunganisha kwenyewe kulinichukua Jumamosi mbili. Unaanza na spoku tisa za upande mmoja, kila tundu la nne kwenye rimu, na ile ya kwanza inakaa kando ya tundu la valvu. Ukikosea hapo kwa tundu moja tu, yote yatakayofuata yatakosea kwa utaratibu mzuri kabisa, na utakuja kujua mwishoni, ukikuta spoku zimebana pale penye valvu na pampu haiingii. (Nilikosea. Nikabomoa. Nikaanza tena.) Halafu tisa za upande wa pili, halafu unaizungusha habu kwa mkono, na ghafla zile waya zilizokuwa zinaning'inia ovyo zinaelekea mahali. Kisha zile za mshazari wa pili, kila moja ikipita nje ya mbili na ndani ya ya tatu. Mzee anafanya hivyo akiongea na wateja. Kwenye magurudumu ya nyuma ya zile Black Mamba za zamani, yenye matundu 40, yeye anapishanisha mara nne, na hana haja ya kutazama.

Kunyoosha ndiko kulikonitoa malengelenge. Mzee hana kile kifaa cha kunyooshea kinachouzwa ghali. Ana uma wa mbele wa baiskeli mzee umefungwa kwenye nguzo, na kidole gumba chake ndicho kipimo. Unazungusha gurudumu polepole, rimu inagusa ukucha, unajua hapo inavutwa huku; unalegeza robo upande huu, unakaza robo upande ule. Mzunguko mmoja mzima wa kinati unavuta chini ya nusu milimita, kwa hiyo robo ni kitu kidogo sana, na bado unaiona rimu ikihama. Mara tatu nilikaza nikidhani nalegeza, kwa sababu kinati unakitazama kutoka nyuma. Kisha unazibana spoku mbili mbili kwa nguvu zako zote kwa kiganja, gurudumu linalia kama mbao inayokauka, linapinda tena kidogo, unarudia. Hatua hiyo ndiyo ambayo lile gurudumu langu la dukani halikuifikia.

Mwisho mzee akapitisha mpini wa bisibisi kwenye spoku huku gurudumu likizunguka, akasikiliza. Anatafuta sauti moja. Hapo nikaona nafasi yangu ya kulipiza. Nikaenda nyumbani nikaandika programu ya kusikiliza kwa simu na kutoa masafa ya kila spoku, maana fizikia ni rahisi: sauti inapanda kwa kipeuo cha pili cha mvuto, kama waya wa gitaa. Nikarudi nayo. Ilikubaliana naye karibu kote. Kwenye spoku mbili ilisema amekosea. Akaziangalia, akatenganisha kwa kidole pale zinapopishana, akagonga tena: zilikuwa zinagusana na jirani zake, na sauti ikabadilika ikawa kama nyingine. Spoku ya tatu, ambayo hatukuwa tumebishania, ndiyo iliyokuwa imelegea kweli, na hiyo programu iliipata kabla yake. Aliikaza bila kusema kitu. Najua alifurahi, kwa sababu aliniuliza kama ile kitu inaweza kuingia kwenye simu yake ya mulika mwizi. Haiwezi.

Turudi kwa msemo wetu.

Wenzangu wa kompyuta wanajua kisa cha Machi 2016. Mtu mmoja aligombana na wenye hifadhi ya npm juu ya jina, akaondoa kazi zake zote. Miongoni mwazo kulikuwa na kipande kiitwacho left-pad, mistari 11, kazi yake kuongeza nafasi mbele ya maandishi. Mistari 11! Maelfu ya miradi duniani ikashindwa kujengwa siku hiyo. Hakuna aliyekuwa ameshindwa kuandika mistari ile. Wote walikuwa wameambiwa wasiunde gurudumu.

Na hapa nyumbani: M-Pesa tunayojivunia ilianza Machi 2007 na seva zake zikiwa Ulaya. Zilihamishiwa Kenya mwaka 2015, na haki za jina na mfumo wenyewe zikanunuliwa na Safaricom na Vodacom kutoka kwa Vodafone mwaka 2020. Miaka kumi na mitatu. Sisemi wale walikosea kuanza hivyo. Labda isingeanza kabisa. Nasema mwishowe walilipa ili wamiliki spoku zao wenyewe, na hakuna aliyewaambia wanaunda gurudumu upya.

Najua hoja za upande wa pili, nami si mjinga wa kuzikataa zote. Usiandike mwenyewe mfumo wa kuficha siri halafu ukalinda nao pesa za watu. Kuna magurudumu ambayo ukikosea anaumia mwingine. Mashine ya kuunganisha magurudumu nayo si adui: inafanya kwa dakika chache kilichonichukua Jumamosi mbili, na kama duka lingempa mtu kama mzee wangu nusu saa ya kumalizia, lile gurudumu langu lingekuwa barabarani hadi leo. Na mtu akinitajia Nyayo Pioneer, yale magari yetu yaliyoonyeshwa hadharani mwaka 1990 yasifike sokoni, nitamwambia kwamba wahandisi wale waliyaunda na yakatembea. Kilichowashinda kilikuwa fedha. Kuwacheka kwa miaka thelathini na zaidi kwa sababu walithubutu ni tabia ya watu wasiowahi kukaza hata nati.

Ninachokataa ni kitu kimoja: mtu asiyejua lililoundwa ndani yake limeundwaje kumwambia anayetaka kujua kwamba anapoteza wakati. Hicho tumekifanya dini. Kijana anamaliza chuo akijua kuunganisha vitu kumi vya wageni na hajui kimoja kinafanya nini ndani. Tunamwita mtaalamu. Halafu tunamtuma Bondeni na daftari akamwulize mtaalamu wa kweli ana simu aina gani.

Na huyu mtaalamu wa kweli hana miaka mingi. Nakuru ilikuwa mji wa boda boda za baiskeli, na wengi wetu tulipelekwa shule au sokoni kwenye ule mto wa nyuma wa kitambaa chenye nakshi. Nje ya mji Mamba zilibeba maziwa ya Molo na mitungi ya maji, mitungi minne ya lita 20 kwa safari, kilo 80 kabla hujamhesabu mwenye baiskeli. Gurudumu la kiwandani halikuvumilia hilo kama lilivyokuja. Mafundi walilifumua wakalikaza upya, wakaongeza chuma kwenye fremu, wakachomelea kerea za nondo. Kisha mwaka 2008 serikali ikaondoa kodi kwenye pikipiki ndogo, zile zisizozidi cc 250, na kazi ya baiskeli ikapungua mwaka hadi mwaka. Sililii hilo, mwenye pikipiki anafika mbali zaidi na haumwi magoti. Lakini mzee ananiambia rimu za matundu 40 siku hizi anazitafuta kwa tochi, na vijana wanaojifunza kazi wanafundishwa kuvua gurudumu zima na kuweka jingine. Ukimpa mmoja wao spoku 36 mkononi, atakuuliza za nini.

Kwa hiyo ule mradi wetu wa programu ya mafundi niliuandikia ripoti ya ukurasa mmoja. Niliandika kwamba mafundi niliowatembelea wanakosa vipuri vya kipimo sahihi na wanakosa wanafunzi, na kwamba nyota tano hazitawapa kimojawapo. Nilipendekeza badala yake kile kidude changu cha kukokotoa urefu wa spoku kifanye kazi kwa ujumbe mfupi, ili fundi mwenye simu ya kawaida atume vipimo vinne apate jibu, na kiwe programu huria, yeyote akichukue. Bosi alisoma. Akasema ni wazo zuri, lakini si la kibiashara, na kwamba bila shaka kuna mtu ameshaunda kitu kama hicho mahali fulani.

Nimeanza kukiandika hata hivyo, usiku, kwa Kiswahili. Swali la kwanza kinalouliza ni kipenyo cha rimu mahali vinati vinapokalia, na kabla hujajibu kinakuonya kwamba si namba iliyochapishwa ubavuni. Mzee amekijaribu kwenye simu ya binti yake kwa rimu tatu. Mbili kilipata, ya tatu kilikosea kwa milimita mbili na bado natafuta kwa nini. Nadhani ni ubao wake uliokosea. Yeye anadhani ni mimi.

Gurudumu lenyewe limeshatembea kilomita 410 kufikia jana jioni, pamoja na Menengai mara nne, na sijagusa spoku hata moja tangu ile siku ya simu. Linacheza chini ya milimita moja upande wa kulia karibu na kiungo cha rimu, na ukiniuliza sana nitakuambia ni kosa la rimu. Jumamosi hii namuundia mwenzangu wa ule msemo gurudumu la mbele. Anasema atakuja kutazama tu. Nimemwambia alete spana yake.